Wanaohama Simba na Yanga: Wasaliti au watafuta riziki?

Na Mwandishi Wetu

KUTOKA Mtaa wa Msimbazi, yalipo makao makuu ya klabu ya Simba, hadi makutano ya mitaa ya Twiga na Jangwani, lilipo jengo la Yanga, mtu mwenye haraka hahitaji kupanda daladala. Ni mwendo wa miguu wa dakika chache tu katikati ya maduka ya Kariakoo, mikokoteni ya wapagazi na meza za wamachinga ambako jezi nyekundu na za kijani huning'inia kwenye kamba moja bila ugomvi wowote.

Kwa mchezaji wa mpira, hata hivyo, hiyo ndiyo safari ndefu kuliko zote nchini. Anayekwenda Lubumbashi, Tunis au Ulaya huagwa kwa dua na kupongezwa magazetini. Anayevuka mitaa hiyo michache huitwa msaliti.

Katikati ya mwaka 2025 safari hiyo ilifanywa na mtu ambaye wengi hawakumtarajia kabisa. Mohamed Hussein, maarufu kwa jina la Tshabalala, alijiunga na Simba mwaka 2014 akitokea Kagera Sugar. Alikaa misimu 11, akatwaa nayo ubingwa mara nne mfululizo kuanzia msimu wa 2017/18, akavaa kitambaa cha unahodha na kuiongoza hadi fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika Mei 2025, Simba ilipofungwa na RS Berkane ya Morocco. Mkataba wake ukaisha. Wiki chache baadaye akatangazwa kuwa mchezaji wa Yanga.

Kama beki huyo angekwenda Afrika Kusini au Libya, habari yake ingekwisha kwa siku mbili. Lakini alikwenda kwa watani wa jadi, na mjadala ukawaka kuanzia vijiwe vya kahawa vya Kariakoo hadi kwenye mabasi ya mwendokasi: je, alikuwa na haki ya kuondoka? Na kama alikuwa nayo, je, alikuwa na haki ya kwenda huko?

Hayo ni maswali mawili tofauti, na mara nyingi mashabiki wetu huyachanganya. La kwanza ni la sheria na jibu lake linajulikana. La pili ni la moyo, na ndilo linalochoma jezi.

Mzaliwa wa kuhama

Pengine kabla ya kumhukumu mchezaji yeyote ingefaa kukumbuka klabu hizi zenyewe zilikotoka. Yanga iliasisiwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata ikazaliwa klabu ambayo baadaye ilijulikana kama Sunderland na kisha, mwaka 1971, Simba. Kwa mujibu wa simulizi za wazee wa pande zote mbili, miongoni mwa walioianzisha walikuwamo watu waliojitenga na wenzao wa Yanga. Maana yake ni kwamba uhamaji wa kwanza katika historia ya watani hawa ndio uliowazaa watani wenyewe.

Katikati ya miaka ya 1970 Yanga ilikumbwa na mgogoro mkubwa uliogawa wanachama na wachezaji. Sehemu ya nyota wake waliondoka na kuunda Pan African, timu ambayo mwaka 1982 ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Kipindi kile haikuwa kazi rahisi kusema nani kamsaliti nani, kwa kuwa walioondoka nao walijiona kuwa ndio Yanga halisi.

Mmoja wa nyota wa kizazi hicho, Sunday Manara, alikwenda kucheza soka la kulipwa Uholanzi katika klabu ya Heracles Almelo. Mpaka leo anatajwa kwa fahari kama Mtanzania aliyefungua njia ya Ulaya. Mwanawe, Haji Manara, hakuwa mchezaji bali msemaji wa Simba kwa miaka kadhaa, tena msemaji ambaye ulimi wake uliwakera sana wana Jangwani. Agosti 2021 alitambulishwa Yanga. Waliokuwa wakimzomea wakaanza kumshangilia, na waliokuwa wakimshangilia wakaanza kumzomea, kwa maneno yaleyale. Sijui mfano mwingine unaoonyesha vizuri zaidi kwamba tunachokipenda mara nyingi ni rangi, na mtu ni kichwa cha kuivalia.

Kutoka ridhaa hadi mkataba

Katika enzi za mpira wa ridhaa, mchezaji alikuwa mwanachama au mtoto wa mtaa aliyepewa jezi. Riziki yake ilitoka kwingine: kiwandani, bandarini, katika shirika la umma au jeshini. Klabu ilimpa nauli, posho na heshima mtaani. Katika mazingira hayo neno 'mapenzi' lilikuwa na maana yake kamili, kwa sababu kwa kweli hapakuwa na kitu kingine cha kumfunga mtu. Hata hivyo, hata nyakati hizo msimu wa usajili ulikuwa na visa vyake. Wachezaji walifichwa nyumbani kwa viongozi au katika nyumba za wageni mpaka fomu zao zifike chama cha soka, na wengine wakasaini fomu mbili.

Mpira wa kulipwa umebadili msingi huo. Leo mchezaji ni mwajiriwa mwenye mkataba wa muda maalumu, na kanuni za Shirikisho la Soka la Kimataifa (FIFA) zinaeleza mipaka yake. Mkataba wa kawaida hauzidi miaka mitano. Unapobaki muda wa miezi sita au pungufu, mchezaji anaruhusiwa kuzungumza na kusaini na klabu nyingine kwa ajili ya wakati mkataba wake utakapokwisha. Ukiisha, yuko huru, na klabu yake ya zamani haina haki ya kudai ada ya uhamisho.

Uhuru huo haukuletwa na ukarimu wa wakubwa wa soka. Jean-Marc Bosman, mchezaji wa Ubelgiji, alimaliza mkataba na klabu ya Liège mwaka 1990 akitaka kwenda Dunkerque ya Ufaransa. Uhamisho ulikwama kwa sababu ya madai ya ada, ingawa mkataba ulikuwa umekwisha. Alikwenda mahakamani, na Desemba 15, 1995 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua kwamba mchezaji aliyemaliza mkataba hawezi kuzuiwa kuhamia nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya kwa kisingizio cha ada. Wachezaji wa dunia nzima wamenufaika na hukumu hiyo. Bosman mwenyewe aliishia katika ufukara.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni fupi. Tshabalala alikuwa na haki ya kuondoka. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Clatous Chama, Mzambia aliyependwa Msimbazi pengine kuliko mgeni yeyote wa miaka ya karibuni, alipomaliza mkataba na kutua Yanga Julai 2024. Ibrahim Ajibu alitoka Simba kwenda Yanga mwaka 2017, akapewa unahodha huko, kisha mwaka 2019 akarudi alikotoka. Hakuna aliyeiba kitu cha mtu.

Pale ambapo lawama ina mahali pake

Hata hivyo, si kila anayehama amehama kwa njia ile ile, na hapa ndipo shabiki anayesema 'wote ni wasaka fedha tu' anapokosea sawa na anayesema 'wote ni wasaliti'.

Mwaka 2012 beki Mbuyu Twite, aliyekuwa akicheza APR ya Rwanda, alisaini Simba. Kabla hajatua nchini akawa amesaini na Yanga pia. Alipowasili Dar es Salaam alipokewa na umati wa Yanga akivaa jezi iliyoandikwa mgongoni jina la Rage, yaani Ismail Aden Rage, aliyekuwa mwenyekiti wa Simba. Mji ulicheka, na nakiri kuwa utani ule ulikuwa mtamu. Lakini chini ya kicheko kulikuwa na jambo zito. Sahihi ya kwanza ilikuwa imewekwa, Simba ikalalamika kuwa fedha zake zimekwenda, na shauri likaangukia mezani kwa Shirikisho la Soka Tanzania (TFF). Mwishowe Twite alibaki Jangwani. Kama neno usaliti lina kazi yoyote katika soka, basi ni hapa: mtu anapotoa neno lake mara mbili kwa watu wawili.

Suala la Bernard Morrison lilikuwa tofauti. Mghana huyo alijiunga na Yanga mwanzoni mwa mwaka 2020, na Machi 8 mwaka huo akaifunga Simba kwa mpira wa adhabu katika ushindi wa bao 1-0. Miezi mitano baadaye alikuwa amesaini Simba. Yanga ilidai ina mkataba naye wa miaka miwili. Yeye akasema aliosaini ni wa miezi sita na umekwisha. Agosti 2020 kamati ya TFF inayoshughulikia sheria na hadhi za wachezaji ilimpa ushindi, baada ya kuona dosari katika mkataba uliowasilishwa. Yanga ikakata rufaa Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo (CAS), na Novemba 2021 ikashindwa huko pia.

Kwa zaidi ya mwaka mzima Morrison aliitwa kila jina baya. Hukumu ilipotoka, ikaonekana kwamba kilichokuwa na kasoro ni karatasi. Na mwaka 2022, Yanga hiyohiyo ikamsajili upya.

Kisha likaja sakata la Feisal Salum, Fei Toto. Mkataba wake na Yanga ulikuwa unaisha Mei 2024. Desemba 2022, msimu ukiwa katikati na timu yake ikiongoza ligi, aliiaga klabu na kuirejeshea Sh milioni 112: milioni 100 za ada ya usajili na milioni 12 za mishahara ya miezi mitatu. Upande wake uliamini kwamba malipo hayo yanatosha kuuvunja mkataba. Januari 2023 kamati ya TFF ikasema bado ni mchezaji wa Yanga, na maombi yake ya kupitia upya uamuzi huo hayakufua dafu.

Hapa msomaji naomba tusimame kidogo, kwani ndicho kisa kinachofundisha zaidi. Kwa upande wa sheria Fei Toto alikuwa amekwama. Kanuni za FIFA hazimruhusu mchezaji kuondoka katikati ya mkataba bila sababu ya haki, eti kwa kuwa amerudisha alichopewa. Anayefanya hivyo hudaiwa fidia, na akiwa bado ndani ya kipindi kinacholindwa huweza pia kufungiwa. Lakini hesabu ile ya milioni 12 kwa miezi mitatu iliufumbua macho mji. Mtu yeyote anayejua kugawanya aliona kwamba mmoja wa viungo bora nchini alikuwa akilipwa Sh milioni nne kwa mwezi, huku mtaani ikiaminika kwamba wageni aliocheza nao walilipwa mara kadhaa ya hizo. Simulizi ya ugali kwa sukari iliyotoka upande wa familia yake ikageuka utani wa nchi nzima, ila nyuma ya utani huo lilikuwapo swali ambalo hata mashabiki wa Yanga walilijadili kwa sauti ya chini.

Sakata halikumalizwa na kamati wala mahakama. Juni 5, 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipowaalika Yanga Ikulu baada ya kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, aliwaomba viongozi walimalize suala la kijana huyo. Siku chache baadaye, klabu hizo mbili zikiwa zimeelewana, Fei Toto alitangazwa Azam FC. Ni vyema kwamba liliisha. Lakini mchezaji wa Mbeya au Kagera mwenye shida kama ile hana wa kumwombea Ikulu.

Klabu nazo huhama

Kuna upande mmoja ambao wapiga kelele za usaliti huusahau. Nao ni mchezaji anapoachwa.

Amissi Tambwe, mshambuliaji kutoka Burundi, alikuwa mfungaji bora wa ligi msimu wa 2013/14 akiwa Simba, kwa mabao 19. Desemba 2014, miezi michache tu baadaye, Simba ikamtema katika dirisha dogo ili kupisha usajili mwingine. Yanga ikamwokota palepale. Msimu wa 2015/16 akawa tena mfungaji bora, mara hii kwa mabao 21 na jezi ya kijani. Sikumbuki mtu yeyote akiiita Simba msaliti kwa kumwacha mfungaji bora wa nchi. Iliitwa 'uamuzi wa benchi la ufundi'.

Jonas Mkude alilelewa Simba tangu timu ya vijana na kuitumikia kwa takriban miaka 13. Mwaka 2023 aliachwa, naye akasaini Yanga. Saido Ntibazonkiza aliachwa na Yanga mwaka 2022, akapitia Geita Gold, akaibukia Simba na kumaliza msimu wa 2022/23 akilingana na Fiston Mayele wa Yanga kwa mabao 17. Kila dirisha la usajili klabu zetu hubandika mitandaoni picha za wanaoachwa zikiwa na neno la shukrani, saa nyingine kumi kwa juma moja. Mchezaji aliyetoa miaka sita anapata picha moja na mistari miwili.

Na wapo wasiopata hata haki zao. Mwaka 2023 FIFA ilizifungia kusajili klabu zote mbili za Kariakoo kwa madai ya fedha: Yanga kwa sababu ya aliyekuwa mchezaji wake, Lazarous Kambole wa Zambia, na Simba kwa sababu ya Teungueth ya Senegal, iliyodai mgawo wake kutokana na mauzo ya Pape Ousmane Sakho. Adhabu hizo huondolewa deni likilipwa. Tangu mwaka 2018 kanuni za FIFA zinasema mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili anaweza kutoa notisi ya siku 15 na kuondoka kwa sababu ya haki. Kanuni hiyo haikutungwa kwa ajili ya wachezaji wenye tamaa, ilitungwa kwa sababu ya waajiri wasiolipa.

Ukizitazama kesi hizi kwa pamoja, deni la mchezaji linaonekana wazi. Anadaiwa kutimiza muda aliousaini, kutotoa sahihi mbili na kucheza kwa nguvu zote hadi siku ya mwisho, hata kama ameshajua anakokwenda. Zaidi ya hapo, anachotoa ni zawadi, na zawadi haidaiwi.

Shabiki naye ana lake

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kumwambia shabiki anyamaze, kwamba huu ni mpira wa fedha. Nadhani kufanya hivyo ni kumdhulumu.

Mpagazi wa Kariakoo anayetoa sehemu ya mapato ya siku kununua tiketi ya Uwanja wa Mkapa hana mkataba na mtu. Hapati mgawo wa haki za matangazo ya televisheni, wala hatahama. Amerithi timu kutoka kwa baba au mjomba, na atazikwa nayo. Mchezaji anapobusu nembo ya klabu mbele ya jukwaa baada ya kufunga bao, anamwambia mtu huyu kwamba mapenzi yao ni ya aina moja. Hilo si kweli, na wote wawili wangeweza kulijua, ila busu ni tamu. Siku mchezaji anapobusu nembo ya mtani, shabiki anagundua kwamba alikuwa peke yake muda wote. Maumivu hayo si ujinga.

Hilo pia linaeleza kwa nini Mbwana Samatta hakuwahi kuitwa msaliti. Alitoka African Lyon akajiunga na Simba, na mwaka 2011, bila kukaa sana, akaenda TP Mazembe, kisha Genk na Aston Villa. Alifuata maslahi yake kama wengine wote, lakini hakuwaachia mashabiki wa Simba maumivu ya kumwona kila wiki akishangilia upande wa pili wa mji. Luis Figo alipotoka Barcelona kwenda Real Madrid mwaka 2000, na alipotupiwa kichwa cha nguruwe uwanjani Barcelona miaka miwili baadaye, kosa lake lilikuwa hilohilo la anwani.

Emmanuel Okwi wa Uganda aliijua anwani hiyo vizuri. Januari 2013 Simba ilimuuza Etoile du Sahel ya Tunisia kwa dola 300,000, fedha ambazo malipo yake yaligeuka kesi FIFA. Desemba mwaka huo akatua Yanga. Agosti 2014, baada ya mgogoro wa mkataba, alikuwa amerudi Simba, na mwaka 2017 akarudi tena baada ya kupitia Denmark. Mashabiki waliomlaani ndio walioimba jina lake alipofunga.

Haruna Niyonzima aliyapitia hayo kwa ukali zaidi. Nahodha huyo wa Rwanda aliichezea Yanga kuanzia mwaka 2011. Alipohamia Simba mwaka 2017, baadhi ya mashabiki wa Yanga waliichoma moto jezi yenye jina lake. Miaka miwili na nusu baadaye Yanga ilimsajili tena katika dirisha dogo, na alivaa jezi ya rangi ileile iliyochomwa. Julai 2021 aliagwa rasmi mbele ya jukwaa la kijani na njano. Watu walisimama kumpigia makofi.